Njiro hadi Njiro: siku moja ya kufukuzana na anwani za miruko

Saa 12 asubuhi. Julai ya Arusha haina mzaha. Maji ya bomba yanauma vidole na Meru umejifunika mawingu, huuoni kabisa. Chai ya rangi yenye tangawizi, chapati ya jana iliyopashwa moto, koti, natoka. Jirani zangu wa Njiro wanajua nafanya kazi "ya kompyuta", kwa hiyo huniletea printa zilizogoma. Kazi yenyewe ni kutunza zana ya ndani ya ofisi inayoonyesha programu zetu zinapotezea muda wapi.

Saa 1 na nusu. Daladala imekwama karibu na kipilefti cha Impala, mbele yetu msururu wa Land Cruiser za watalii. Ni msimu. Na msimu ndio ulioleta kazi ya leo: kampuni yetu ndogo inaandika injini ya kukokotoa bei za safari, yaani kiingilio cha hifadhi, loji, gari, msimu wa juu, msimu wa chini. Wakala akiwa na mgeni mbele yake anataka bei sasa hivi. Siku hizi injini inajikokota.

Saa 2 na robo. Sijavua koti, dada anayeandika injini ya bei keshafika mezani kwangu.

"Kaka, ripoti yako inanizungusha tu. Soma mwenyewe."

Nasoma. Mstari wa kwanza, wenye zaidi ya nusu ya miruko yote, unasema: kutoka `hesabu_bei`, kwenda `hesabu_bei`. Basi. Ni kama kumwambia bodaboda akutoe Njiro akupeleke Njiro.

Kwa wasioishi na mambo haya: programu haisomwi moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kila penye sharti, kitanzi au wito wa fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina lake), prosesa inaweza kuruka kutoka anwani moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Prosesa za Intel zina rejista, visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani yake, zinazokumbuka miruko ya mwisho, huitwa LBR. Kizazi cha Haswell kilikumbuka miruko 16, cha Skylake kikapanda hadi 32. AMD nao wanayo ya kwao, 16 kwenye Zen 4. Zana ya vipimo ya perf, iliyoingia kwenye Linux toleo la 2.6.31 mwaka 2009, ikichukua sampuli inazoa orodha hiyo nzima: mruko ulitoka wapi, ulitua wapi, na kama prosesa, ambayo hubashiri njia kabla ya kujua jibu la sharti, ilibashiri sawasawa au ilipotea.

Kwa hiyo habari tunazo. Zinapotelea kwenye ripoti. Perf yenyewe, ukiiachia mpangilio wake wa kawaida, huunganisha miruko kwa jina la fanksheni la pande zote mbili, na zana yetu ilirithi tabia hiyo. Fanksheni ya mistari mia tatu yenye vitanzi vinne inageuka mstari mmoja. Majina yanapendeza kwenye wasilisho la bosi, lakini anayetaka kurekebisha msimbo anahitaji anwani.

Saa 3. Naanza. Majina sifuti, naongeza safu mbili, anwani ya kutoka na anwani ya kwenda, kisha nafanya jozi hiyo iwe ndiyo ufunguo wa kuunganisha. Hapo kazi ingekuwa ya nusu saa, isipokuwa kwamba anwani mbichi haina maana nje ya mchakato ulioizaa. Tangu 2005 Linux hubadilisha kwa bahati nasibu mahali inapopakia vitu kwenye kumbukumbu, ili mvamizi asijue pa kulenga. Mruko uleule, msimbo uleule: asubuhi unaonekana 0x55d3c1a4f2e0, programu ikiwashwa upya unaonekana 0x56029be7f2e0 (0x huashiria namba za msingi wa 16). Huwezi kulinganisha vipimo viwili namna hiyo.

Dawa ipo na ni hesabu ya kutoa na kujumlisha. Perf huandika pia kila faili ilipakiwa kuanzia anwani gani na kutoka baiti ya ngapi ya faili. Ikiwa kipande chetu kilianzia 0x55d3c1a41000, nacho ni cha kuanzia baiti ya 0x1000 ya faili, unatoa, unajumlisha, unapata 0xf2e0. Kipimo cha pili kilianzia 0x56029be71000. Hesabu ileile, jibu 0xf2e0. Sasa tunazungumzia mruko mmoja.

Naweka na kitambulisho cha ujenzi cha faili pembeni, yaani alama ya kutofautisha toleo moja lililojengwa na jingine, kwa sababu msimbo ukijengwa upya anwani zote zinahama huku jina la faili likibaki lilelile. Ripoti isiyoonyesha ilipimwa kwenye ujenzi upi itakuja kumdanganya mtu.

Saa 6 mchana. Umeme umekatika. Mashine ya vipimo ipo chini ya ngazi, imeegemezwa kwenye betri. Tuliinunua kwa sababu seva za kukodi, zile za kugawana, mara nyingi hazimwachii mpangaji LBR.

Saa 7. Kwa mama wa ndizi nyama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umechelewa, maparachichi yameisha."

Saa 8. Umeme umerudi, na dada karudi nao. Safari hii ana swali zuri zaidi. Anwani za injini kuu zinalingana na msimbo, lakini za laibrari ya viwango vya fedha zinamwonyesha mistari isiyohusiana kabisa. Tunafungua msimbo wa mashine ubavuni: kila anwani imepungua kwa 0x1000 kamili, yaani baiti 4,096, ukurasa mmoja wa kumbukumbu.

Tofauti iliyo kamili namna hiyo huwa na mwenyewe. Laibrari ile imeunganishwa kwa LLD, injini kwa kiunganishi cha GNU; zote mbili ni programu za kuunganisha vipande vya msimbo kuwa faili moja. Kwenye faili za ELF, muundo wa faili za programu kwenye Linux, nafasi ya baiti ndani ya faili na anwani iliyokusudiwa ni vitu viwili tofauti. GNU mara nyingi huviacha vilingane kwenye sehemu ya msimbo, ndiyo maana tofauti haikuonekana kwenye injini. LLD hupanga vipande vikifuatana ndani ya faili bila kuacha mapengo, lakini anwani huzisogeza ukurasa mbele. Inabidi kusoma jedwali la vipande ndani ya faili yenyewe na kusahihisha kila kimoja kwa tofauti yake. Naandika hivyo, pamoja na jaribio lenye faili mbili ndogo, moja ya kila kiunganishi, ili atakayegusa sehemu hii baadaye akiivunja aonywe palepale.

Tukiwa hapo tunabishana. Anaona sharti fulani halina mruko hata mmoja kwenye ripoti, anataka kusema halifikiwi. Namzuia: LBR huandika miruko iliyorukwa tu. Sharti likipitwa moja kwa moja haliachi alama. Lakini mruko mmoja unapotua na mwingine unapoondokea, kila kilicho katikati kimetekelezwa, na sasa anwani zipo unaweza kukihesabu. Kwa majina matupu hesabu hiyo isingewezekana.

"Kumbe," anasema, na anavuta kiti.

Saa 10 na nusu. Ripoti mpya. Ule mstari mmoja wa Njiro hadi Njiro umegawanyika, na mruko mmoja umewaacha wenzake mbali. Unatoka kwenye sharti linalouliza: tarehe hii ni msimu wa juu au wa chini? Sehemu kubwa ya ubashiri wake ni wa kupotea. Tarehe zinaingia zikiwa zimechanganyika, prosesa haina pa kushika, na kila ikipotea inatupa kazi iliyokwisha kuianza, mizunguko kama 15 hadi 20 ya saa ya prosesa. Dada anazipanga rekodi kwa tarehe kabla ya kitanzi, tunapima tena. Anwani ya kitanzi imehama kidogo kwa sababu ni ujenzi mpya, kitambulisho pembeni kinalisema hilo, na alama za kupotea zimebaki chache.

Saa 12 jioni. Natuma marekebisho yakaguliwe. Miruko ya kerneli, yaani kiini cha Linux, bado inatoka kama namba tupu, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida kwenye mashine yetu haruhusiwi kuona anwani za kerneli. Nitalimaliza kesho na mwenzetu anayesimamia mashine. Dada naye ameshaacha ombi jipya: anataka safu ya mizunguko kati ya mruko na mruko. Prosesa yetu ni ya kizazi cha Skylake, kwa hiyo namba hizo inazo. Kazi ni kuzichapisha.