Mita tatu kutoka barazani

Leo alasiri nimerudi Michenzani na kamera ya ami. Ni Zorki-4, iliyotengenezwa Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, nzito mkononi kama jiwe la kusagia. Mbele yake nimefunga Jupiter-12, lenzi pana ya milimita 35. Nambari yake inaanza na 63, na kwa lenzi hizi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka: 1963. Ami alivinunua vyote viwili alipokuwa akisoma Moscow, akarudi navyo Unguja, na mpaka Mungu anamchukua hakuwahi kushika kamera nyingine.

Kwa miezi mingi nimetumia ile lenzi yake ya kawaida, ya milimita 50. Hii pana niliiogopa. Kioo chake cha nyuma kimechomoza kama jicho la kaa, na ukishaifunga kinazama ndani ya kamera mpaka karibu na shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga. Kamera zenye kioo cha kuakisi haziwezi kuipokea, kwa kuwa kioo hicho kingegongana nayo. Zorki ni renjifainda, kamera isiyo na kioo hicho, hivyo haina kitu hapo katikati. Nafasi hiyo ndiyo aliyoitumia Ludwig Bertele wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, miaka ya 1930 alipoibuni lenzi ya Biogon, akaisogeza lenzi hadi karibu na filamu. Baada ya vita Wasovieti walichukua mitambo ya Zeiss kutoka Ujerumani, na Biogon ikazaliwa upya kwa jina la Jupiter-12.

Matunda ya ubunifu ule nimeyaona kwenye negativu: mstari ulionyooka unabaki umenyooka hata pembeni kabisa mwa picha. Na pa kuujaribia mstari Unguja ni hapa, kwenye majumba marefu ambayo Wajerumani Mashariki walisaidia kuyajenga baada ya Mapinduzi. Safu ya madirisha, nguo zilizoanikwa, safu nyingine ya madirisha, zote zimetulia kama zimepigwa rula. Nilifurahi sana usiku ule niliposafisha mkanda wa kwanza.

Lakini mkanda huo ulinifundisha jambo jingine. Dirisha la kutazamia la Zorki linaonyesha upana wa lenzi ya 50 tu, kama nyuzi 47, ilhali hii ya 35 inakusanya nyuzi 63. Kile kidirisha cha ziada kinachochomekwa juu ya kamera kilipotea zamani. Basi kila picha ilikuja na watu ambao sikuwaona wakati wa kupiga: mguu wa mtoto, bega la mwanamke mwenye kapu, muuza kahawa nusu. Nikaenda kufungua albamu ya ami. Picha zake zote ziko hivyo! Miaka yote nilidhani ni mtindo wake tu, kumkata mtu pembeni. Kumbe naye alikuwa akitazama kwa dirisha hili hili dogo, na ulimwengu ukimwingilia kutoka kando.

Tofauti ni kwamba watu wake ni wakubwa kwenye picha. Nyuso zimejaa. Wangu walikuwa wadogo, wamesimama mbali kama miti ya shamba la mtu.

Kwa hiyo leo sikugusa fokasi kabisa. Nimeiweka mita 3, tundu la kupitishia mwanga nikaliweka 8 kwa kuligeuza mdomoni mwa lenzi, shata 1/125 ya sekunde, filamu ya ISO 400, kivulini. Kwa vipimo hivyo kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kinatoka vizuri. Kazi iliyobaki ni ya miguu, na ya ulimi pia, maana mita 3 ni umbali wa salamu. Huwezi kumsogelea mzee kiasi hicho ukapiga picha ukapita.

Chini ya jumba moja wazee wanne walikuwa wakicheza bao. Nikasimama pale nilipozoea kusimama.

“Shikamooni.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona wasimama mbali hivyo? Njoo ukae.”

Nikakaa. Nikaletewa kahawa na kipande cha kashata. Kamera ilibaki mapajani nusu saa nzima kabla sijaomba ruhusa, na nilipoomba hawakuuliza ya nini. Nilipiga mara nne, sikuweka jicho dirishani hata mara moja, nimeishika tu kifuani. Wakati wa picha ya tatu mmoja wao alikuwa akicheka kwa kete alizokula, na naamini sana picha ile.

Mzee aliyenikaribisha aliiomba kamera, akapitisha kidole juu ya herufi za Kirusi, taratibu.

“Hii aliileta nani?”

Nikamtajia jina la ami. Akanyamaza, akawatazama wenzake, kisha akasema kesho nije na picha yake.

Mkanda bado una nafasi 21. Albamu nimeshaiweka mkobani.