Kompyuta ilikuwa inamsubiri mdogo wangu

Jana umeme umekatika mara tatu kabla ya saa sita mchana, na betri ya UPS ilishakufa zamani, kwa hiyo kila ukirudi ni kuwasha mashine upya huku mnaangaliana na wateja. Steshenari yangu iko njiani kuelekea pantoni ya Kamanga, na mtu anayekimbilia pantoni hana muda na wewe kabisa. Kuna mzee alitaka kuprinti barua ya kurasa mbili tu, nikamwambia mzee wangu vumilia kidogo inawaka, akasema "hii yako mwanangu inawaka kama kuni mbichi", akachukua flashi yake akaenda zake. Iliniuma aisee.

Na mi natumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, niliihamia sababu ya virusi vya flashi za watu, halafu ndo inayosifiwa kuwaka haraka. Zamani kuwaka kwake kulikuwa ni skripti zenye namba, yaani vifaili vya amri vya kuamsha huduma moja moja za kompyuta, hii imalize ndo ile ianze, hata kama hazijuani, printa inasubiri sauti na sauti inasubiri sijui nini. Mwaka 2006 Ubuntu, moja ya aina za Linux, wakaja na Upstart, programu mpya ya kusimamia huo uwashaji, halafu 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta systemd ya kazi hiyo hiyo, wazo likiwa vitu visivyotegemeana vianze kwa pamoja. Ila kilichonifurahisha mimi ni hata vinavyotegemeana navyo vinaanza pamoja. Unajua bombani kabla maji hayajatoka, watu wanapanga ndoo wanaenda kuendelea na shughuli zao, maji yakija ndoo zinajazwa kwa zamu? Ndo hivyo hivyo, systemd inafungua soketi zote mapema, yaani vile vidirisha vya huduma kupokelea ujumbe, huduma moja ikimtumia mwenzake ujumbe na mwenzake hajaamka, kerneli, kiini cha mfumo, inautunza hapo kwenye foleni mpaka aamke ausome. Hakuna aliyesimama kushika ndoo.

Sasa kama ninayo, mbona kuni mbichi?

Usiku nikafunga mlango nikaandika amri ya systemd-analyze blame, ikaniletea orodha ya huduma na sekunde zake, nikaanza kuzizima kama kichaa, bluetooth toka, hiki toka, nikawasha upya, nimeokoa sekunde mbili. Kumbe blame inakwambia nani katumia muda mrefu tu, haikwambii nani kamchelewesha nani, mtu anaweza kutumia sekunde 20 pembeni huko na wenzake wanaendelea na safari. Ya kuangalia ni systemd-analyze critical-chain, hiyo inafuata mnyororo wa nani anamsubiri nani.

Nikaufuata. Sehemu ya kuingilia inasubiri folda za mbali, yaani zilizo kwenye mashine nyingine, folda za mbali zinasubiri mtandao, na mtandao wangu unatoka kwenye ruta ambayo umeme ukikatika nayo inaanza upya taratiiibu. Nikajiuliza folda za mbali zipi, mi nina mashine moja. Nikafungua fstab, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganisha kompyuta ikiwaka, nikaikuta laini niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, folda ya mashine ya mdogo wangu, enzi hizo anakaa meza ya pili, yeye anachapa mi naprinti. Alihamia Kahama mwaka jana akaondoka na mashine yake. Kwa hiyo kila umeme ukirudi kompyuta inasimama mlangoni inamwita kwanza, ikichoka ndo inanifungulia mimi.

Nilikaa naiangalia ile laini muda mrefu kuliko inavyostahili. Nikampigia picha nikamtumia WhatsApp, akajibu "kaka futa bwana" na vicheko kibao. Sijafuta. Nimeongeza noauto na x-systemd.automount, yaani itamtafuta siku nikiifungua hiyo folda, siyo kila asubuhi.

Kutoka karibu dakika mbili nimefika sekunde 50 hivi. Zilizobaki ni za diski, ni ile ya kuzunguka, na hapo kuanza kwa pamoja hakusaidii sana sababu huduma zote zinataka kusoma kwa mpigo na kichwa cha kusomea kinarukaruka huku na kule. SSD, diski isiyozunguka, itabidi isubiri msimu wa fomu za shule.

Asubuhi nilizoea kubonyeza swichi halafu nafagia kibaraza chote, nikirudi ndo naikuta inaomba paswedi. Leo nimeshika ufagio, sijafika hata mlangoni, inaomba paswedi. Kibaraza kipo vilevile mpaka sasa hivi.