Kidogo kidogo

"Kidogo kidogo." Ndivyo alivyojibu baba watoto, tena anacheka, na mimi nimesimama palepale mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko.

Ngoja nianze na gari, maana wengi mmekuwa mkiniulizia. Morris ya marehemu baba mdogo, ile Minor 1000 ya 1962, imekuwa ikigonga mbele tangu mvua zilipoanza. Ukipanda tuta, hata taratibu, ko! Ukikata kona kuingia mtaani kwetu usukani unakuwa mzito, halafu unaachia ghafla. Na ukisimama mbele yake unaliona kabisa limelala upande wa kulia. Jumamosi tukalipeleka Ilala kwa fundi mpya, yule mzee wetu si alisharudi Moshi. Huyu ni kijana, anasifika kwa Hiace.

Sasa hiyo Hiace ndiyo iliyoleta maneno. Nayo mbele ina tosheni baa, kwa hiyo kijana alipochungulia chini akafurahi kama kakutana na ndugu yake. "Hii naijua, bosi. Tunapandisha tosheni, tunabadilisha beringi, unaondoka." Bosi ni baba watoto. Mimi nilikuwa "mama", na nilishaonyeshwa benchi chini ya mwarobaini.

Kwa wasiolijua gari hili: mbele halina springi za kuzunguka. Kila upande una nondo ndefu ya chuma, ndiyo hiyo tosheni baa, iliyolala chini ya sakafu, kichwa chake kimeshikwa na mkono wa chini wa tairi, mkia umefungwa kwenye chesisi. Tairi likipanda, nondo inajisokota kama kanga unayoikamua, halafu inajirudisha. Shokapu zenyewe hazifanani na za leo, zimefungwa juu na mkono wake ndio unaoshika tairi kwa juu, ndiyo maana kijana alizitafuta mpaka akauliza kama ziliibiwa. Aliyelichora, Alec Issigonis, ndiye baadaye aliyechora Mini, na kuanzia 1948 mpaka walipoacha kuyatengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalitoka zaidi ya milioni moja na nusu. Baba mdogo alikuwa akiwatajia hayo wageni wote, hata waliokuja msibani.

Basi kijana akapiga jeki, akashika tairi la kulia juu na chini, akalitikisa. Likacheza. "Beringi," akasema. Nikamwambia baba watoto aingie akanyage breki, nikamwomba kijana atikise tena. Likacheza vilevile. Nikasema, "Siyo beringi. Ingekuwa beringi, ukikanyaga breki mchezo ungeisha. Huo uko kwenye kingipini, angalia tranioni ya chini." Tranioni ni kile kipande chenye thredi ndani, kingipini, ule mhimili wima ulioshika tairi, inazunguka humo kila unapokata kona. Ikikosa grisi thredi zinaliwa, na zikiisha kabisa tairi linakunjika chini ya gari na pua inapiga lami. Baba mdogo alinishikisha tochi utoto wangu wote ili apige grisi kwenye nipeli mpaka ile chafu itoke.

Kijana hakubisha. Akahamia kwenye kulala kwa gari. Wazo lake: tuhamishe nondo ya kulia iende kushoto na ya kushoto ije kulia, ulegevu ugawane. Hapo nikapandisha sauti. Nondo iliyokwisha kusokotwa upande mmoja miaka yote hii huisokoti upande wa pili, itakatika. Hata mkwaruzo wa bisibisi unaweza kuanzisha ufa. Likilala unatoa mkono ulioshika mkia wa nondo, unauhamisha kwenye meno yake, hakuna boliti ya kukaza tu kama kwenye Hiace. Na tena, unainua nini wakati thredi zimekufa?

Ndipo akamgeukia baba watoto, siyo mimi, akasema, "Bosi, huyu mama umemfundisha wewe?"

"Kidogo kidogo."

Baba watoto! Mtu ambaye kila kitu kilicho chini ya gari anakiita "ile chuma". Ambaye mwaka juzi alitaka kutia maji kwenye betri kupitia redieta, mnakumbuka niliandika. Tangu siku hiyo nimelirudia jibu lile kwa sauti zote. Labda alimaanisha mzaha. Labda kicheko kilikuwa cha aibu. Alikuwa na nafasi ya kusema "hapana, mwenyewe huyo", maneno matatu, mepesi. Wiki hiyohiyo posa ya mdogo wangu imepokelewa Tanga na ofisini wamepunguza watu idara nzima ya jirani, na mimi kwenye kikao nawaza kidogo kidogo.

Jana usiku simu yake ikaita, tunakula. Akasikiliza, uso ukabadilika, akaninyooshea. "Anakutaka wewe." Kijana wa Ilala. Amefungua. "Mama, tranioni ya kulia imekwisha, thredi nazitoa kwa kidole. Ya kushoto ina uhai. Sasa nondo niiache ilivyo?" Nikamwambia aiache, aiwekee alama ya rangi ili isije kuchanganywa, asiigonge nyundo. Akawa anaandika, nasikia kabisa anarudia maneno. Spea atakuja nazo wifi kutoka Uingereza, bado zinatengenezwa kule, ila nikamtumia ujumbe kwa herufi kubwa kwamba za kulia na kushoto haziingiliani.

Nilipokata simu nilijikuta nacheka peke yangu, wali umepoa. Nikamuuliza sasa, kidogo kidogo ilikuwa nini? Akasema, "Nilitaka asipandishe bei. Akijua gari ni la mwanamke unadhani angetutajia ile?" Akaendelea kutafuna samaki. Jibu si baya. Nimelipima, naona lina ukweli nusu, na nusu nyingine ameitunga kati ya tonge na tonge. Nimemwachia. Lakini siku ya kwenda kulichukua nakwenda mwenyewe, yeye atabaki na watoto.

Hapo sasa. Watoto. Dada wa kazi ameomba ruhusa aende kwao Singida wiki mbili, bibi yake anaumwa. Nimempa nauli na sabuni za kupeleka. Asubuhi hii nimemwona anafungasha, na kwenye begi ameweka mpaka sufuria yake na lile pazia alilonunua mwenyewe. Pazia la nini, kwa wiki mbili?