Ubishi wa Mbayuwayu na Kipepeo

Tulikuwa tumekaa juu ya mwamba, mimi na kaka, tukingoja jua lipunguze ukali, vipepeo walipoanza kutupita. Hawakuwa wakizurura ua hadi ua. Walikuja chinichini, mmoja nyuma ya mwenzake, wote wakielekea kaskazini. Wakikuta kichaka wanakiruka, kisha wanashika njia ileile. Rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe: Vanessa cardui, mdudu asiyefika hata gramu 1. Juu yao mbayuwayu walikata hewa, nao wakienda hukohuko. Mmoja alimkaribia kipepeo, akampita bila kumgusa. Chakula chake hasa ni nzi.

"Msafiri ni huyo wa juu," kaka alisema. Akanitajia yule aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akaja kukutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu 20 hivi! Na huyohuyo aliyekwenda ndiye hurudi, pengine hadi kwenye kiota cha mwaka jana. Tena ni mwimbaji. (Wapo wanaobisha hilo, wamsikilize dume akiwa karibu na kiota chake.)

Mimi nilimtetea kipepeo kwa sababu hiyohiyo. Mbayuwayu anayerudi ameshaiona njia. Hawa hawakuwahi kuona waendako: kizazi kimoja hutaga mayai kwenye mbigili, kinakufa, na watoto wanaendelea na safari bila wa kuwaelekeza.

"Wanaendelea kwenda kufa," kaka akasema. "Baridi ikianza huko, nani amewaona wakirudi?"

Hapo alinibana kweli. Miaka ile hata wataalamu walikuwa hawajaafikiana, maana waliokuwa wakionekana kurudi kusini walikuwa wachache mno. Jibu lilitoka 2012, baada ya rada na maelfu ya watu wa kujitolea kuufuatilia uhamaji mkubwa wa 2009 barani Ulaya. Kumbe wanarudi, ila kwa wastani wa zaidi ya mita 500 angani, ambako jicho halifiki. Mzunguko mzima ni kama kilomita 15,000, na vizazi hadi 6 hupokezana.

Nilimtumia kaka habari hiyo siku ileile niliyoisoma. Alichelewa kujibu, kama kawaida yake akishindwa.

"Sawa, mdogo wangu, wanarudi. Haya, sasa niimbie wimbo wao."