Siku ya matokeo, porti zikaisha

Kipindi hicho nilikuwa kwenye kampuni moja ndogo hapo Dar, jina naliacha, tulikuwa na tovuti ya elimu, mitihani ya nyuma, nafasi za vyuo na kurasa za matokeo shule kwa shule. Siku za kawaida hamna hata anayetukumbuka. Ila Januari, Baraza la Mitihani likitangaza tu kwamba matokeo ya kidato cha nne yametoka, basi tena, nchi nzima iko kwenye simu, mzazi, mjomba, jirani mwenye umbea wake, na mtahiniwa mwenyewe anayejifanya hataki kuangalia.

Mbele tuliweka Nginx, programu ya seva ya wavuti, kama rivasi proksi, yaani yeye ndo anapokea watu wote wa nje halafu anawagawa kwa seva za nyuma zenye programu yenyewe. Mambo ya msingi tulishayaweka sawa mapema. worker_connections, yaani konekisheni ambazo kila worker (prosesi ya Nginx inayohudumia wageni) anaweza kushika kwa mpigo, inayokuja na Ubuntu ni 768, na kwenye proksi kila mgeni anakula konekisheni mbili, moja ya kwake na moja ya kwenda nyuma, kwa hiyo hiyo namba unaigawa kwa mbili kabla hujaanza kujisifu. Tukaipandisha sana, na worker_rlimit_nofile pia, maana kila konekisheni inahesabika kama faili, na Linux ukiiacha ilivyo prosesi inaishia mafaili 1024. Asubuhi ile sikuwa na presha kabisa.

Matokeo yakatoka. Mwanzoni safi, halafu 502, yaani proksi imeshindwa kupata jibu kwa seva ya nyuma. Ukirifreshi inafunguka, ukirifreshi tena 502. Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu, "Dogo, seva zimezidiwa hizo, ongeza seva," na kweli alishafungua ukurasa wa kukodi mashine kule Frankfurt, kadi ipo mkononi. Mimi natazama htop, programu ya kuonyesha mzigo wa mashine, CPU ya proksi iko chini, za seva za nyuma nazo zinapiga miayo.

"Mzee, mbona hazijazidiwa."

"Sasa kwa nini haifunguki?"

Hapo sikuwa na jibu. Mwenye jibu alikuwa mkubwa wetu wa kazi, tulimwita Dada tu, na siku hiyo alikuwa kwenye basi anaelekea kwao Tanga, mtandao unakuja unakata. Nikampigia. Akaniambia achana na htop, fungua logi ya makosa unisomee. Nikamsomea: 99, Cannot assign requested address, while connecting to upstream. Kimya. Nikadhani imekata, kumbe anacheka.

"Porti zimekuisha, mdogo wangu. Piga ss -s, uangalie timewait."

Nikapiga. Timewait, yaani konekisheni zilizofungwa ila porti zake hazijaachiwa, ilikuwa tarakimu tano.

Hesabu yenyewe, alivyonieleza kwa vipande vipande huku basi likitetemeka, iko hivi. Proksi ikifungua konekisheni kwenda seva ya nyuma inahitaji porti, namba ya mlango wa konekisheni, upande wake, na Linux kwa kawaida inazitoa kati ya 32768 na 60999, yaani kama 28,000 hivi kwa kila seva ya nyuma. Konekisheni ikifungwa porti haiachiwi hapo hapo, inakaa TIME_WAIT sekunde 60. Gawanya 28,000 kwa 60, unapata kama 470 kwa sekunde, ukivuka hapo umekwama hata mashine iwe kubwa vipi. Na Nginx yetu ilikuwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, inaongea HTTP/1.0 na seva za nyuma, ikishapata jibu inafunga, ombi linalofuata inafungua upya. Ni sawa na kumpigia mtu simu, unauliza neno moja, unakata, unapiga tena kuuliza la pili. Igor Sysoev, Mrusi aliyeanza kuiandika 2002 na kuitoa hadharani 2004, alikuwa anataka seva moja ibebe konekisheni elfu kumi kwa mpigo, na upande wa wageni kweli ilikuwa inabeba bila kulalamika, sisi tulikuwa tunafia mlango wa nyuma.

Kichekesho ni kwamba seva za bosi zingesaidia. Kila seva mpya ya nyuma inaleta fungu lake la porti, kwa hiyo tungelipa, tovuti ingepona, na kila mtu angeamini kwamba tatizo lilikuwa nguvu ya mashine.

Dawa ni mistari mitatu. Kwenye upstream, orodha ya seva za nyuma, unaweka keepalive 64, yaani konekisheni zisizo na kazi hadi 64 kwa kila worker zibaki wazi zitumike tena, na kama una least_conn (kanuni ya kumpa kazi seva yenye konekisheni chache) basi keepalive ikae chini yake, halafu kwenye location, sehemu ya konfigi ya anwani fulani, proxy_http_version 1.1 na proxy_set_header Connection yenye nukuu tupu, ili proksi isiiambie seva ya nyuma ifunge. Nataka kureload, Dada akapiga kelele, "Subiri! Zile heda nyingine zipo wapi?" Heda ni maelezo yanayosafiri na ombi, na zetu zilikuwa juu, kwenye sehemu ya server ya konfigi. Sasa Nginx ukiweka proxy_set_header hata moja ndani ya location, zote za juu hazirithiwi tena, Host inapotea, X-Forwarded-For inayobeba IP ya mgeni halisi inapotea, na programu yetu ingeona nchi nzima inatoka IP moja ikaanza kuwablock. Nikazishusha zote zikae pamoja.

nginx -t ya kukagua konfigi, sawa. nginx -s reload. Hiki kitu mpaka leo nakipenda, worker wapya wanaanza na konfigi mpya, wale wa zamani hawapokei tena mtu, wanamalizia walionao halafu wanaondoka, hakuna mzazi aliyekatwa katikati ya kumtafuta mwanae. Nikawa narudia ss -s, timewait inashuka, inashuka, 502 zikakoma. Bosi akauliza tumebadilisha nini, nikamwambia mistari mitatu, akaniangalia kama namficha kitu, kadi ikarudi kwenye waleti.

Mchana Dada akiwa ameshafika akaongeza proxy_cache, yaani proksi ihifadhi nakala za kurasa na kuzitoa yenyewe, maana kurasa za matokeo hazibadiliki, kwa nini tuulize nyuma kila saa, na proxy_cache_lock ili ukurasa ambao haupo kwenye kache uende kuulizwa na ombi moja, wengine wasubiri jibu hilo hilo. Baada ya muda jamaa wa programu akanipigia ana wasiwasi, seva zake hazipati watu, anauliza proksi imekufa au vipi.