Dada mkubwa asiyenunuliwa: nilivyofuga sungura vibete Moshi hadi nikafika Nane Nane

Sungura wangu wawili wa kwanza niliachiwa na mpangaji Mzungu wa jirani aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Dume na jike, pamoja na mizani yao ndogo ya jikoni. Binti yangu aliwapokea akadhani bado ni watoto. Walikuwa wazima, wameshamaliza kukua, na kila mmoja anatosha kwenye viganja viwili.

Ni sungura vibete wa Uholanzi, ambao wenyewe wanawaita Netherland Dwarf. Kichwa cha mviringo, masikio mafupi ya kusimama, urefu kama sentimita 5, na mwili mnene uliojikusanya. Marekani sungura wa mbegu hii akizidi kilo 1.13 hapandi meza ya maonyesho. Wangu walikuwa na rangi inayoitwa Himalaya: mwili mweupe pee, macho mekundu, halafu pua, masikio, miguu na mkia vyeusi. Hapa mtaani hakuna aliyewahi kuona mnyama wa namna hiyo.

Jike alizaa mara ya kwanza wakati wa vuli. Siku ya 30 tangu apandishwe alianza kujinyofoa manyoya ya kifuani na kuyajaza kwenye kisanduku, na kesho yake nikakuta vitoto vinne. Vitatu vilikuwa vimeshiba, vina matumbo ya duara. Cha nne nilikiweka kwenye mizani: gramu 19. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili, masikio kama punje za mchele yaliyosogea nyuma, na kiuno kimebanwa kana kwamba kimefungwa uzi. Nilimshika mama yake kila asubuhi na jioni ili kipate kunyonya peke yake. Siku ya tatu kikafa mkononi mwangu.

Duka la dawa za mifugo wakaniuzia vitamini na madini ya chokaa. Uzao wa pili wakatoka wawili wa namna ile ile, nao wakafa. Nilijilaumu sana. Nilifikiri banda lina baridi, nikaongeza magunia. Nikafikiri majani yana umande, nikaanza kuyaanika kutwa nzima.

Kumbe kosa halikuwa kwenye banda. Sungura kibete wa kweli amebeba jeni (chembe ya urithi) moja ya udogo kutoka kwa mzazi mmoja, na ya pili, kutoka kwa mzazi mwingine, ni ya kawaida. Ukimpandisha kibete kwa kibete, mtoto anayerithi ile ya udogo kutoka kwa baba na kwa mama pia hawezi kuishi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawaita vitoto hivyo karanga. Kwa hesabu, katika kila wanne, mmoja ni karanga, wawili ni vibete, na mmoja hana jeni hiyo kabisa. Ni bahati nasibu: uzao mmoja unaweza usitoe karanga, unaofuata ukatoa wawili. Hakuna vitamini ya kumwokoa.

Huyo wa nne, asiye na jeni ya udogo, ndiye aliyebadilisha ufugaji wangu. Nilikuwa naye mmoja, jike, tunamwita dada mkubwa. Masikio marefu, kilo 1.4, wanunuzi wote wanamruka. Nilikuwa nimeshapatana bei na mama mmoja wa Mbuyuni amchukue wa kitoweo. Siku niliyosoma habari ya karanga nilimpigia simu nikamwomba radhi. Jike kama huyo ukimpandisha kwa dume kibete, watoto nusu wanatoka vibete, nusu wakubwa, na karanga hatokei hata mmoja. Tena nyonga zake ni pana, anazaa bila kuhangaika. Ili nisimpandishe kwa baba yake, niliazima dume wa rangi ile ile kwa kijana mmoja wa Usa River. Ameshazaa mara tatu sasa, na sijazika kitoto cha gramu 19 tena.

Kuhusu banda niseme machache. Miguu yake imesimama kwenye makopo ya oili chafu, kwa sababu siafu wakiingia usiku hawabakishi kitu. Januari na Februari joto la Moshi linawatesa sana, kwa hiyo nagandisha chupa za maji, nazifunga kitambaa, nawawekea ndani; wanalala wamezikumbatia. Majani makavu yawepo saa zote. Nyuso zao ni fupi, meno hayaachi kukua, na asiyetafuna kutwa meno yanapishana akashindwa kula.

Joto hilo lina jambo jingine. Weusi wa Himalaya hutokea pale mwili ulipo na ubaridi. Wangu walipobadili manyoya wakati wa kiangazi cha Februari, pua ziliota kahawia iliyofifia, nikadhani ni maradhi. Baridi ya Juni na Julai ilipoingia wakabadili tena, na pua zikarudi nyeusi kama masizi ya sufuria. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yaliwakuta wakiwa katika uzuri wao.

Tulikwenda viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, tukajibana kwenye kibanda cha kikundi cha wafugaji wa kuku. Kwa wiki tatu kabla nilikuwa nawazoeza kukaa juu ya meza iliyotandikwa gunia, waguswe masikio na miguu bila kuruka. Jaji wa sungura hapakuwa na hata mmoja, kwa hiyo niliweka mizani mezani kila mtu ajionee. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia mikono ya watu. Wengi wetu tumekuzwa tukimnyanyua sungura kwa masikio, na inamuumiza sana.

Mzee mmoja alisimama muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Huyu nyama yake kilo ngapi?"

"Hachinjwi, mzee. Wa kufuga tu."

Nikamwonyesha: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine uubebe mwili kwa nyuma. Akampandisha kwenye mizani, akasoma kwa sauti, "Gramu mia tisa na arobaini." Kisha akamwona dada mkubwa kwenye kizimba cha chini. "Na huyu?"

"Huyo ndiye mama yao."

Akaacha kibete mezani, akainama, akamtoa yule mkubwa kwa mikono miwili kama nilivyomwonyesha. Akataka kumnunua, akaongeza bei mara mbili. Nikakataa.

Vibete watatu waliuzwa siku hiyo. Dada mkubwa nilirudi naye Moshi nimempakata kwenye Noah. Tarehe 10 Agosti nikampeleka kwa dume, na tarehe 9 Septemba alfajiri nikamkuta ameshaanza kunyofoa manyoya.