Bega langu lilitobolewa kabla mfupa haujabonyea

Mimi ni msusi, na nimezaliwa na siko seli, ugonjwa wa damu wa selimundu, kwa hiyo maumivu ya mifupa nayajua. Yale ya kawaida huja kwa kishindo. Ukilazwa, ukapata dripu na dawa, baada ya siku chache yanaondoka. Haya ya bega la kulia hayakuondoka. Nilikuwa nikiinua kitana kugawa nywele za twende kilioni, mkono unafika usawa wa sikio, ndani panalia "ka!", kitana kinadondoka.

Mara mbili niliambiwa ni kawaida ya watu wa seli. Eksirei ilitoka safi, nikapewa dawa za maumivu. Miezi minane ikapita hivyo, na hadi leo nikiikumbuka roho inaniuma. Eksirei haioni mfupa unaokufa ukiwa bado mwanzoni. Kama una seli na bega au nyonga inakuuma wiki hadi wiki, tafadhali omba kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa.

MRI ndiyo iliyoonyesha. Chembe zenye umbo la mundu zilikuwa zimeziba vijishipa vya kichwa cha mfupa wa mkono, sehemu ikakosa damu, ikafa. Daktari akanionyesha kwenye picha: "Binti yangu, bado ni duara. Kikibonyea, tutazungumza habari ya kichwa cha chuma. Kwa umri wako, tukitoboe kwanza."

Kiwango cha damu yangu (hemoglobini) kilikuwa 7.2. Waliniongezea ikakaribia 10, wala hawakuipitisha hapo, maana damu ikiwa nzito nayo huziba mishipa. Usiku mzima nilikuwa na dripu. Chumba cha upasuaji kina baridi, na baridi kwetu ni adui. Nikamwambia mtu wa nusukaputi, akanifunika blanketi la pili. Walipitisha keekee nyembamba ubavuni mwa mfupa hadi kwenye sehemu iliyokufa, ili mgandamizo wa ndani upungue na mishipa mipya ipate njia. Kidonda chenyewe kilishonwa nyuzi mbili tu.

Kazi kubwa ilikuwa baadaye. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinifundisha kuinamia meza, kuuachia mkono uning'inie na kuuyumbisha taratibu kama mkonga wa tembo. Nililia siku ya kwanza. Ndoo sikugusa, kwa kuwa mfupa uliotobolewa unaweza kuvunjika. Mama ndiye aliyeniogesha, na mimi mtu mzima. Mwezi wa tatu nikaosha nywele zangu mwenyewe kwa mikono miwili.

Sasa ni mwaka na nusu. Picha ya mwisho bado inaonyesha duara, ingawa daktari hakuniahidi kwamba litabaki hivyo daima. Nasuka vichwa viwili kwa siku, si vitano. Mteja namkalisha chini kwenye mkeka, mimi nakaa kwenye stuli ndefu, kiwiko changu kisipande juu ya bega.